Kituku wa Masika, Kituku wa Vuli

Juma lile Beth Mkamburi hakumaliza kikombe hata kimoja cha chai akiwa ameketi. Alikuwa akimimina, anapiga mafunda mawili, anasimama kwenda dirishani kuangalia malori yaliyoegeshwa ng'ambo ya barabara, na akirudi anakuta chai imepoa na kuota utando. Mumewe Harrison, fundi wa friji ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja, alimtazama Jumatatu, akamtazama Jumanne, na Jumatano asubuhi akamwuliza kama kuna kitu kimemwuma. Beth akasema ni mambo ya ofisi tu. Harrison akamjibu kwamba ofisi haina meno, akachukua mkoba wake wa vyuma, akatoka.

Lakini ofisi ilikuwa na meno, na aliyeyanoa ni Beth mwenyewe.

Ofisi hiyo ilikuwa tawi la Voi la kampuni ya bahati nasibu, vyumba viwili nyuma ya stendi ya magari. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha la kuuzia tiketi na kulipia zawadi, na kijana mmoja mcheshi aitwaye Obadiah. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Beth. Watu wengi wanadhani bahati nasibu ni ile mipira inayozunguka na mtu anayetabasamu kwenye televisheni. Beth alijua kwamba ni orodha: maajenti kuanzia Taveta hadi Maungu, mashine ya nani imeharibika, kadi za kukwaruza ngapi zimebaki kabatini, nani ameshinda na hajatokea, nani ametokea na hana kitambulisho. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alizaliwa Bura, akasoma hadi kidato cha nne huko huko mlimani, kisha akaandika stoo miaka kumi na mmoja katika duka la vifaa vya ujenzi, ambako halikutoka boksi la misumari bila yeye kujua limekwenda wapi. Ndiyo sababu kampuni ilimtafuta.

Mfumo mpya ulikuja mwezi wa pili. Kabla yake kila tawi lilikuwa na vitabu vyake, na vya Beth vilikuwa vya kuonyeshwa wageni, safu zimepigwa kwa rula, wino mweusi kwa maajenti, wa buluu kwa wachezaji. Nairobi wakasema vitabu vyote viingizwe kwenye kompyuta ili kila tawi lione kitu kimoja. Kazi hiyo ilimchukua wiki tano. Alipomaliza, mfumo ukaanza kumwuliza maswali. Ulipokuta majina mawili yanayofanana uliyaweka bega kwa bega kwenye kioo, juu yake umeandika: Huenda huyu ni mtu mmoja. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, Unganisha na Acha. Jozi zilikuwa mia tatu arobaini na mbili. Zilitakiwa ziishe kabla ya mwezi wa nne, maana mtu mmoja kuandikwa mara mbili, walisema, ni mlango wa wizi.

Mwanzoni Beth alicheka peke yake. Hawa wa Nairobi hawajui huku. Huku mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake, na babu akiwa na wana watano, utakuta kwenye mlima mmoja wajukuu watano wa jina moja, wanaosalimiana kila asubuhi bila kuchanganyikiwa. Kwa hiyo alikwenda polepole. Aliwapigia maajenti simu, akauliza huyu ni mtoto wa nani, mama yake katoka wapi. Karibu jozi zote alibonyeza Acha. Ila siku ya mwisho, zikiwa zimebaki kama thelathini na simu za Nairobi zikiingia moja juu ya nyingine, alikutana na Phineas Kituku Mwakio wa Rukanga, aliyezaliwa mwaka 1979, na Phineas Kituku Mwakio wa Rukanga, aliyezaliwa mwaka 1979. Jina la kwanza, la pili, la tatu, kijiji, mwaka. Vitabu vya zamani havikuwa na safu ya nambari ya kitambulisho. Akabonyeza Unganisha, akaenda kwa jozi inayofuata.

Mmoja kati ya hao alikuwa mchezaji wa kawaida. Wa pili alikuwa kwenye orodha ambayo Beth aliiandika kwa wino wa kijani na kuiweka chini ya kufuli: orodha ya waliojifungia. Mtu akiona mchezo umemshinda, huja akasema fungeni jina langu. Tangu siku hiyo hauziwi tiketi, na hata tiketi ikipenya ikauzwa, haiwezi kulipwa. Beth alimkumbuka yule bwana. Alikuja miaka miwili nyuma, akasubiri mpaka chumba kikawa kitupu ndipo akaingia na kofia mkononi. Alikuwa ameuza mbuzi wanne wa karo ya binti yake na kuwamaliza wote katika tiketi kwa siku tisa.

"Andika jina langu mahali ambapo hata nikija nikilia, msinifungulie," alimwambia.

Akaomba pia Rukanga asijue mtu, hasa mkewe Priscilla, aliyeamini mpaka leo kwamba mbuzi walichukuliwa na chui. Beth akaandika na akaahidi. Basi ile siku ya jozi alipoona majina, aliwaza kwamba ni huyo huyo wa mbuzi: alicheza, kisha akajifungia. Hakupiga simu.

Jumatatu ya juma lile likaja jibu la ile simu ambayo hakupiga. Mwanamume mrefu mwenye vumbi la safari mabegani alifika dirishani na tiketi iliyoshinda shilingi laki tatu na elfu themanini. Aliinunua Rukanga, kwa ajenti ambaye mashine yake, kwa sababu ya mtandao hafifu chini ya mlima Kasigau, huuza kwanza na kuuliza baadaye. Obadiah akaingiza jina, akasoma kilichotokea kwenye kioo bila kufikiri, tena kwa sauti ya kusikika foleni nzima: mteja amejifungia, zawadi hailipwi. Watu wakageuka. Yule bwana hakutetereka. Akaomba kuonana na mkubwa, akaletwa chumba cha nyuma.

"Madam," alisema, "kijana wako ananiambia nimejifungia. Mimi hujifungia chooni tu."

Beth akatabasamu, akachukua kitambulisho, akakiangalia, akamwangalia mtu. Huyu hakuwa yule wa kofia. Ndipo bwana huyo, kwa raha ya mtu anayesimulia jambo la nyumbani, akamweleza. Babu yao alikuwa Phineas Kituku Mwakio. Wanawe wawili walipopata watoto wa kwanza, kila mmoja alimpa wake jina zima la mzee, hawakuacha hata herufi. Watoto walizaliwa mwaka mmoja, yeye kwenye mvua za mwezi wa nne, mwenzake kwenye mvua za mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo nyumbani yeye ni Kituku wa Masika na mwenzake ni Kituku wa Vuli, na hata barua zikija kupitia shule, mwalimu huandika hivyo pembeni.

Beth alihisi kama ngazi moja imekosekana chini ya mguu. Alisema majina yamegongana kwenye kompyuta na kwamba atafuatilia.

"Yamegongana na la nani? Jina hili tunalo wawili tu duniani." Kituku wa Masika akakunja tiketi yake taratibu. "Kwani ndugu yangu naye anacheza?"

Beth akarudia kwamba atafuatilia. Alipobaki peke yake alijua kuwa tayari amesema nusu ya alichoahidi kutokisema.

Jumanne alipiga simu Nairobi, akampata Maxwell, msimamizi wa mfumo, kijana wa sauti ya haraka ambaye hawakuwahi kuonana. Alimwuliza kama mtu anayeuliza jambo la jumla. Maxwell akamweleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza, aliyejifungia asaini fomu ya kufunguliwa. Akishapita mwaka ana haki hiyo, fomu inaingizwa, jina linafunguka, zawadi inalipwa, dakika moja. Ya pili ni kuwatenganisha watu waliounganishwa. Hiyo inataka aliyejifungia athibitishe kwa sahihi na nambari ya kitambulisho kwamba yeye si yule mwingine, na inataka barua ya aliyeunganisha, aeleze kwa nini aliunganisha.

"Ya pili ina maneno mengi," Maxwell alisema. "Ya kwanza haiulizi mtu kitu."

Na siku zilikuwa zinakwisha. Zawadi isipolipwa ndani ya siku sitini tangu droo inarudi mfukoni mwa mchezo, na siku ya sitini ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Mwisho wa mwezi huo huo mkataba wa Beth wa mwaka ulikuwa unakwisha, na aliyetakiwa kuurefusha angesoma kwanza barua zote zilizomo kwenye faili lake. Mpaka hapo haikuwemo hata moja.

Tangu hapo miguu yake ikakataa kutulia. Alifungua ukurasa wa Phineas Kituku Mwakio, akaufunga, akaufungua. Chini kabisa mfumo ulikuwa unaandika kila aliyeufungua na saa yake, na Jumatano mchana aliona jina lake limepangana hapo mara kumi na tisa, B. Mkamburi, B. Mkamburi, mpaka chini kabisa kwenye mstari wa kwanza: Imeunganishwa na B. Mkamburi, Machi 31, 16:52. Akakumbuka kwamba saa hiyo alikuwa ameshatundika mkoba begani, tayari kutoka.

Alitoka nje. Baraza moja na ofisi yao kulikuwa na duka la Nasiha, la kupiga kopi na kuuza daftari. Nasiha alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa hapo Voi, babu zake walikuja na reli kutoka Pwani, na tangu siku ya kwanza hakuficha anachofikiri kuhusu kazi ya jirani yake.

"Dada Beth, ushapita hapa mara sita leo, wanitia kizunguzungu. Hebu kaa."

Beth akasema hawezi kukaa.

"Hiyo ni kamari inakuwasha miguu. Nilikwambia pesa ya mchezo haina utulivu, nawe ukanambia wewe huuzi, waandika tu. Haya, waandika nini leo?"

Beth akampa karatasi mbili azipigie kopi. Nasiha hakuwa mtu wa kutosoma. Akazitazama, moja ya kufungua, moja ya kutenganisha, akauliza ni za watu wawili au mmoja. Beth akajibu kwamba hilo ndilo swali lenyewe. Nasiha akacheka, akakataa kuchukua shilingi kumi za kopi.

Alhamisi alfajiri Beth alimwambia Obadiah kwamba anakwenda kwa ajenti, akaenda Rukanga. Njia nzima, Maungu hadi mlima ulipojitokeza upande wa kulia ukiwa na kilemba cha mawingu, alikuwa akipanga maneno na kuyapangua. Mkobani zilikuwemo karatasi zote mbili. Alijiambia kwamba amezibeba zote kwa uangalifu, maana huwezi kujua. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ilimpungukia nguvu kidogo.

Boma la Kituku wa Vuli lilikuwa chini ya shule, si mbali na la nduguye. Priscilla ndiye aliyempokea. Alikuwa amekaa kwenye turubai akipiga pojo, zile choroko, kwa fimbo, maganda yakiruka, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi la kijani. Beth akasema ametoka Voi, amesikia pojo za hapa ni safi. Priscilla akafurahi, akamwita mumewe aje asaidie kupima kwa gorogoro, kopo la kilo mbili. Kituku wa Vuli akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani, akamwona mgeni, na jembe likashuka lenyewe.

Akasema kwa haraka kwamba pojo kavu zaidi ziko kwenye banda la nyuma, amwonyeshe mama achague mwenyewe.

Nyuma ya banda hapakuwa na pojo. Palikuwa na zizi lenye mbuzi wawili na ndoo iliyopinduliwa, na hakuna aliyeikalia. Beth akamweleza yote kwa sauti ya chini, kuanzia ile siku ya jozi. Hakuupamba mwanzo. Alisema yeye ndiye aliyewafanya watu wawili kuwa mmoja, kwamba nduguye ameshinda na hawezi kulipwa kwa sababu ya jina la kwenye orodha ya kijani, na kwamba mwisho ni kesho saa kumi.

Kituku wa Vuli alisikiliza akiwa amekodolea macho zizi. "Ameshinda ngapi?"

Beth akamwambia.

"Alikata namba gani?"

Beth akasema hakumbuki, ingawa alikuwa anazikumbuka zote sita.

"Sasa nikifungua jina langu, analipwa?"

"Analipwa."

"Na mke wangu hajui. Na yeye hajui."

"Hajui mtu."

"Basi iko wapi hiyo karatasi?" Alikuwa ameshanyosha mkono. Uso wake ulikuwa umechangamka, wa mtu aliyeitwa harusini. "Si ni sahihi tu? Yule ni ndugu yangu, madam. Tumenyonya titi moja mama yangu alipokuwa mgonjwa. Nitakataaje kumsaidia?"

Beth akatoa karatasi ya kufungua. Akaitoa kweli, akampa, na kalamu akampa. Kituku akaiweka juu ya mlango wa zizi, akaanza kutafuta mahali pa kusaini. Alikuwa anasema maneno ya chini chini, kwamba miaka miwili ni mingi, kwamba mtu hubadilika, kwamba sasa anaweza kucheza tiketi moja kwa juma kama watu wengine na kulala.

Priscilla akaita kutoka mbele, akauliza ni gorogoro tatu au nne.

"Nne," Beth akajibu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Kituku, ngoja. Hii karatasi sikuileta kwa ajili ya ndugu yako. Niliileta kwa ajili yangu. Ukisaini hii, kosa langu halijulikani."

Kituku alimtazama bila kuelewa, au akijifanya haelewi. "Sasa kuna ubaya gani? Wewe unapona, yeye anapona."

"Na wewe?"

Mbuzi mmoja alikohoa. Kituku hakuiachia kalamu. Beth akaivuta karatasi taratibu kutoka chini ya mkono wake, akaikunja mara nne. Alimwambia kwamba kufunguliwa jina ni haki yake na yeye hawezi kumnyima. Siku akiitaka fomu hii, aje Voi mwenyewe, aiombe dirishani mchana kweupe kama mtu mwingine yeyote. Ila leo hatamletea mpaka mlangoni. Kisha akaweka juu ya mlango wa zizi karatasi ya pili.

Kituku wa Vuli alikasirika. Hakupaza sauti, maana mkewe alikuwa karibu, lakini shingo ilimvimba. Alisema watu wa ofisi wana mchezo mbaya, wanakuonyesha mlango kisha wanakuzibia. Alisema kama si nduguye, angemfukuza na pojo zake. Akasaini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa, akaandika nambari ya kitambulisho kutoka kichwani, akamsukumia karatasi.

Beth akaipuliza vumbi. Akauliza swali lililokuwa limemzungusha tangu Jumatatu: amwambie nini Kituku wa Masika, ambaye ameshaanza kuuliza?

"Mwambie ukweli wako," Kituku alisema. "Wangu niachie mwenyewe."

Wakarudi mbele. Priscilla alikuwa ameshajaza gorogoro nne, na ya juu akaiongeza mkono mmoja wa hisani. Akamwuliza mumewe mbona zile za banda la nyuma hazikuletwa. Kituku akasema mama amezikataa, zina dudu. Priscilla akamtazama, akamtazama mgeni, akafunga mfuko kwa kamba, na Beth alimlipa akiwa amesimama, akaondoka na kilo nane za pojo ambazo hakuwa na mpango nazo.

Barua ya kueleza kosa aliiandika jioni hiyo mezani kwake nyumbani. Ilikuwa na mistari tisa. Aliandika kwamba majina, kijiji na mwaka vilifanana, kwamba alijua desturi ya huku ya kumpa mjukuu jina la babu kuliko mtu yeyote katika kampuni, na kwamba siku hiyo hakupiga simu kama alivyofanya kwa wengine kwa sababu saa za kazi zilikuwa zinakwisha. Harrison aliisoma juu ya bega lake. Akasema mstari wa mwisho haukuhitajika. Beth akauacha.

Ijumaa saa tatu asubuhi alituma kila kitu Nairobi. Saa tano hakuna jibu. Saa saba alipiga simu, akaambiwa Maxwell yuko mkutanoni. Kituku wa Masika alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la baraza, na Nasiha, bila kuombwa, alimpelekea maji. Beth alihesabu hatua kutoka meza yake hadi kabati, saba, na kutoka kabati hadi mlango, tano. Saa tisa na nusu simu ikalia. Maxwell hakuwa na ile haraka yake. Alisema ameisoma barua, kwamba angekuwa yeye angechukua ile njia nyingine, na kwamba afungue ukurasa.

Kwenye ukurasa, mahali ambapo miezi yote hii hapakuwa na kitu, palikuwa na kitufe cha tatu: Tenganisha. Beth akakibonyeza. Kioo kikafikiri. Kisha wakatokea wawili, bega kwa bega, Phineas Kituku Mwakio na Phineas Kituku Mwakio, kila mmoja na nambari yake, mmoja na alama ya kijani pembeni, mwingine hana. Saa kumi kasoro dakika kumi na moja, Kituku wa Masika akasaini kupokea.

Beth alimwambia kwamba kosa lilikuwa lake, la mkono wake mwenyewe, na akaomba radhi. Kituku wa Masika alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo ndugu yangu hahusiki."

"Mimi nazungumzia faili lako tu," Beth alisema. "Faili lako halina kitu."

Alipapasa stakabadhi. Kisha akauliza tangi la lita elfu kumi linauzwa bei gani siku hizi, akasema anafikiri kuliweka katikati ya maboma mawili, mifereji ya paa zote iingie humo. Akatoka akiwa bado anapiga hesabu ya mabomba.

Barua ya Nairobi ilikuja Jumatatu. Mkataba umerefushwa kwa miezi sita badala ya mwaka, na haki ya kuunganisha na kutenganisha majina imeondolewa tawi la Voi. Kazi ya chumba cha nyuma itafanywa kutoka Nairobi. Beth atakaa dirishani pamoja na Obadiah. Alihamisha rula yake na kalamu zake kwenye sanduku la kadi za kukwaruza, hatua kumi na mbili tu, na alipofika akakuta kiti cha dirishani kina mguu mmoja mfupi.

Jumanne ya juma lililofuata, mchana, foleni ya watu saba mbele yake, simu yake ya mkononi ikalia. Nambari hakuijua.

"Madam, ni Kituku."

"Yupi?"

"Wa Vuli."

Alikuwa stendi. Alikuwa ameuza magunia matatu ya pojo kwa mfanyabiashara wa hapo Voi, pesa zote ziko mfukoni, na aliposimama aliweza kuliona bango la ofisi yao. Alisema hivyo mara mbili, kwamba bango analiona.

Beth alitazama trei iliyo mbele yake. Fomu za kufungua zilikuwa hapo hapo, safi, zimepangwa. "Fomu ipo," alisema. "Siwezi kukunyima. Tunafunga saa kumi na moja."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za stendi, mpiga debe akiita Maungu, Rukanga, Maungu, Rukanga, na pumzi ya mtu.

"Gari la nyumbani bado viti vitano," Kituku alisema. "Zungumza na mimi mpaka lijae."

"Tuzungumze nini?"

"Chochote. Wewe si mtu wa huko juu? Huko kwenu mnapanda nini saa hizi?"

Mwanamke wa kwanza kwenye foleni akagonga kioo kwa sarafu. Beth akamwinulia kidole kimoja, asubiri. Akainuka kwenye kile kiti kibovu, akaegemea ukuta, akaanza kumweleza Kituku habari za kabichi za Bura, jinsi mama yake anavyozimwagia majivu asubuhi kabla ya jua, jinsi mwaka huu sukumawiki imeshambuliwa na vidukari na maharagwe yamepona, jinsi mfereji wa juu ulivyoziba na majirani wakagombana nani auzibue. Foleni ikanung'unika. Obadiah akasogeza kiti chake hadi ncha ya pili ya dirisha, akaanza kuwaita upande wake.

"Vinne," akasema Kituku. "Endelea."